Bakuli la Nguo: Chombo Kidogo na Sayansi Yake

Kila nyumba ina vitu vidogo visivyo na mahali pake maalumu. Vifungo, nyuzi, funguo, sarafu, sindano, vitunguu saumu vichache, karanga za kutafuna jioni, mbegu za bamia zinazongoja msimu ujao: vitu hivi havihitaji sanduku wala kabati, lakini vikiachwa ovyo hupotea, huharibika au huwadhuru watoto. Kwa mahitaji ya namna hii, watu wa pwani ya kusini ya Tanzania wametumia kwa muda mrefu vyombo vyepesi vya kusuka na kushona. Chombo kimojawapo cha ukoo huo, ambacho mtu yeyote mwenye sindano na mabaki ya vitambaa aweza kujitengenezea, ni bakuli dogo la nguo.

Kwa mtazamo wa kwanza bakuli hili laonekana kuwa jambo la mapambo tu. Hata hivyo, ndani yake mna maswali ambayo sayansi huyashughulikia kila siku. Kitambaa kilicho bapa huwezaje kupata tumbo na ukuta? Kitu laini husimamaje wima bila mti wala chuma? Na je, chombo chenye vitundu maelfu kinaweza kuhifadhi chakula katika hewa ya pwani iliyojaa mvuke? Swali hili la mwisho si la mapambo hata kidogo, maana jibu lake lahusu afya ya watu wa nyumbani.

Chombo kipya, ufundi wa kale

Katika Kata ya Chikongola, mjini Mtwara, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, si kazi kumpata fundi cherehani. Chini ya meza ya fundi hujikusanya mabaki: vipande vya vitenge, kanga na nguo za sare, ambavyo ni vidogo mno kwa kushonea vazi. Mabaki hayo aghalabu huishia jalalani au motoni. Kwa mshonaji wa mabakuli, hiyo ndiyo malighafi.

Ufundi wenyewe si mgeni pwani. Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa ushahidi. Mswahili husuka ukili, lakini mkeka hushonwa. Ukili ni ukanda mrefu na mwembamba unaosukwa kwa majani makavu ya mkindu au ya mimea mingine inayofanana nao. Ukanda huo ukishonwa kingo kwa kingo, bapa, hutoa mkeka. Ukishonwa kwa kuzungushwa, hutoa kikapu, au kawa la kufunikia chakula. Kwa hiyo mshonaji wa vikapu alikwisha kugundua zamani kwamba kitu kirefu na chembamba chaweza kugeuzwa kuwa chombo kwa mshono peke yake.

Mfano wa pili ni kofia ya kiua inayovaliwa katika pwani nzima. Kofia hiyo ni vitambaa viwili vya pamba vilivyodariziwa pamoja kwa mishono mingi, kisha ikatiwa wanga ili isimame. Msomaji akiipindua juu chini, ataona bakuli la nguo. Ukili umetuachia kanuni ya umbo, na kofia imetuachia kanuni ya ugumu. Tutazitazama kanuni hizo moja baada ya nyingine, lakini kwanza ni lazima tukijue kitambaa chenyewe.

Kitambaa ni kitu gani?

Kitambaa cha kitenge au kanga kimefumwa kwa makundi mawili ya nyuzi yanayokutana kwa pembe mraba. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa jora huitwa mtande, na zile zinazopita upana kwa upana, juu na chini ya mtande, huitwa mshindio. Ukikivuta kitambaa kwa kufuata mtande au mshindio, hakirefuki sana, kwa sababu unazivuta nyuzi zenyewe. Ukikivuta kwa hanamu, yaani kutoka pembe hadi pembe, hurefuka kwa urahisi: nyuzi hazirefuki, bali vile viraba vidogo vilivyo katikati yake hulala upande.

Jambo hili lina faida kubwa. Ukanda wa kuzungushia mdomo wa bakuli sharti ukatwe kwa hanamu, ili uweze kufuata mviringo bila kujikunja. Kinyume chake, kitako na ukuta vikikatwa bila kuangalia nyuzi, bakuli hulegea upande mmoja na kukaza upande mwingine, hata likapinda baada ya kufuliwa mara mbili tatu.

Jambo la pili ni aina ya nyuzi. Pamba imeumbwa kwa selulosi, ambayo molekuli zake huvuta maji kwa nguvu. Poliesta hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli, nayo haipendi maji. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, gramu 100 za pamba kavu hubeba kiasi cha gramu 8.5 za maji, ilhali gramu 100 za poliesta hubeba chini ya nusu gramu. Hewa ikikaribia kujaa mvuke kabisa, pamba hiyo hiyo huweza kubeba zaidi ya gramu 20.

Mabaki ya fundi huwa yamechanganyika, na kwa macho si rahisi kuyatenga. Ipo njia nyepesi ya kupima. Chomoa nyuzi mbili tatu, uzishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kisha uzisogezee moto wa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi inayoungua, na kuacha majivu mepesi. Poliesta hunywea, huyeyuka, na kuacha tone gumu jeusi. Tone hilo huwa la moto sana, basi lisiguswe kwa kidole wala kazi hii isiachiwe watoto.

Duara bapa huwaje bakuli?

Zipo njia mbili za kushona. Ya kwanza ni ya kuzungusha kamba. Kamba nyembamba ya katani, ya makumbi ya nazi au ya pamba huviringishiwa ukanda wa kitambaa, kisha huzungushwa kama konokono huku kila mzunguko ukishonwa kwenye mzunguko uliotangulia. Hapa ndipo hesabu inapoingia.

Mzingo wa duara ni nusu kipenyo mara 6.28. Tuseme kamba iliyovikwa kitambaa ina unene wa milimita 6. Kila mzunguko mpya unakwenda mbali zaidi na kitovu kwa milimita 6. Kwa hiyo ili kazi ibaki bapa, mzunguko huo sharti uwe mrefu kuliko uliotangulia kwa milimita 6 mara 6.28, yaani karibu milimita 38. Mshonaji akitoa nyongeza hiyo kamili, kitako hulala bapa. Akitoa pungufu, ukingo hukosa nafasi ya kulala, nao hauna pa kwenda ila juu: bakuli huanza kuinuka. Asipotoa nyongeza yoyote, ukuta husimama wima. Na akizidisha nyongeza, ukingo hufanya mawimbi kama pindo la gauni la mtoto.

Mshonaji mzoefu hafanyi hesabu hii kwa kalamu. Huifanya kwa mkono, kwa kukaza kamba kidogo au kuilegeza. Lakini anayejifunza akiielewa kanuni, ataacha kuulaumu mkono wake kila kitako kinapoinuka kabla ya wakati. Atajua kwamba ameikaza kamba kupita kiasi, naye atailegeza.

Kanuni hiyo hiyo humwezesha mtu kukadiria kamba kabla ya kuikata. Kitako chenye kipenyo cha sentimita 12 kwa kamba ya milimita 6 hutumia kiasi cha meta 1.9. Ukuta wima wenye kimo cha sentimita 8 huhitaji mizunguko 13 hivi, na kila mzunguko una karibu sentimita 38, jumla yake ikiwa meta 5. Basi meta 7 za kamba zatosha, na kidogo cha akiba.

Njia ya pili ni ya kukata duara la kitambaa na kuondoa vipande vyenye umbo la kabari kwenye ukingo wake. Tuchukue duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 15, bila kuhesabu sentimita moja ya ziada kwa ajili ya mshono wa mdomo. Mzingo wake ni kiasi cha sentimita 94. Tukitaka bakuli lenye kitako cha kipenyo cha sentimita 12 na mdomo wa kipenyo cha sentimita 20, mdomo huo utakuwa na mzingo wa sentimita 63 tu. Sentimita 31 na ushei hazihitajiki. Tukizigawa katika sehemu nane, kila kabari itakuwa na upana wa sentimita 4 kasoro kidogo kwenye ukingo, na ncha yake itakoma pale kitako kinapoanza, sentimita 6 kutoka kwenye kitovu. Kila kabari ikikunjwa na kushonwa kwa mstari ulionyoka, ukuta huinuka. Bakuli hilo huwa na kimo cha sentimita 8 na nafasi ya zaidi ya lita moja na nusu.

Kwa nini kabari nane, si mbili? Mbili pia zingeondoa kitambaa kile kile, lakini mdomo ungekuwa na pembe mbili kubwa kama mashua. Kadiri kabari zinavyokuwa nyingi na nyembamba, ndivyo mdomo unavyokaribia duara kamili. Lakini kila moja huongeza mshono, na mishono mingi hufanya unene mbaya pale inapokutana kitakoni. Nane ni kiasi cha haki.

Kwa nini bakuli husimama?

Kitambaa kimoja hakisimami. Watu wengi hudhani kwamba dawa ni kuongeza kitambaa cha pili. Ukweli ni kwamba kitambaa cha pili peke yake husaidia kidogo sana, na sababu yake yafaa kuelezwa.

Chukua daftari la shule na ulikunje. Kurasa zake huteleza, kila moja juu ya mwenzake, na daftari hukunjika bila shida. Sasa fikiria kurasa hizo zimegandishwa kwa gundi: daftari limekuwa ubao. Vivyo hivyo kwa kitambaa. Tabaka mbili zinazoteleza zina ugumu wa mara mbili tu ya tabaka moja. Tabaka hizo zikifungwa zisiteleze kabisa, ugumu hufuata kipeo cha tatu cha unene: unene ukizidi mara mbili, ugumu huzidi mara nane.

Hapo ndipo ilipo siri ya kudarizi. Kila mshono unaopita katika tabaka zote huzizuia zisiteleze mahali hapo. Mishono ikiwa mbalimbali, tabaka hubaki na uhuru mwingi. Ikikaribiana, kitambaa hukaribia kuwa ubao. Si kwamba mshono hufanya kazi sawa na gundi, lakini huisogelea. Tukiweka katikati kitu chenye unene na kisicho na uzito, kama vile pamba iliyobanwa au kipande cha blanketi kuukuu, tunaongeza unene kwa gharama ndogo, na ugumu huongezeka kwa kasi kubwa kuliko uzito.

Mshono wa cherehani unafaa kwa kazi hii kwa sababu umefanywa kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, zinazopishana na kushikana katikati ya unene wa kitambaa. Uzi wa juu ukikazwa kupita kiasi, fundo huvutwa juu. Ukilegea, fundo huzama chini. Na katika hali zote mbili mshono hufumuka upesi. Kwa kazi nene sharti sindano iwe nene na hatua ya mshono iwe ndefu kidogo. Asiye na cherehani aweza kushona kwa mkono, mradi kwanza apige bandi ili tabaka zisihame wakati wa kazi.

Wanga na udhaifu wake

Njia nyingine ya kukipa kitambaa ugumu ni wanga, hasa wa muhogo, ambao hupatikana kwa wingi mikoa ya kusini. Wanga hukaa katika chembechembe ndogo ambazo haziyeyuki katika maji baridi. Zikifikia joto la sentigredi 60 hadi 70 hivi, hunywa maji, huvimba na kupasuka, na minyororo mirefu ya molekuli zake husambaa majini. Ndiyo sababu wanga sharti upikwe. Ndiyo sababu pia hukorogwa kwanza kwa maji baridi: unga mkavu ukitupwa katika maji yanayochemka, nje ya donge huiva mara moja na kuufungia ndani unga usiopata maji.

Kitambaa kikichovywa humo na kukaushwa juu ya bakuli la udongo au la bati lililofudikizwa, minyororo ya wanga hushikamana na selulosi ya pamba, na umbo hubaki. Juu ya poliesta wanga haushiki vizuri, kwa maana hauna pa kushikia.

Hata hivyo wanga una kasoro tatu katika mji wa pwani. Hulegea hewa inapojaa unyevu. Huondoka kwa kufuliwa. Na tena ni chakula, kwa hiyo huwaita mende, panya na kuvu. Kofia hutiwa wanga upya kila ifuliwapo, na mvaaji hulijua hilo. Bakuli linalokaa pembeni ya chumba mwezi baada ya mwezi halipati uangalizi huo. Kwa hiyo katika hali ya Mtwara ni busara kuutegemea zaidi unene na mshono, na wanga uachiwe mapambo.

Unyevu wa pwani na suala la karanga

Sasa tufikie swali lenye uzito zaidi. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, tangu mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Katika miezi hiyo, hasa usiku na alfajiri, unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 80. Kitambaa hakizuii mvuke. Hewa ya ndani ya bakuli ni ile ile ya chumba, na kitu kilichomo hunywa unyevu mpaka kilingane na hewa hiyo.

Kwa vifungo na nyuzi hilo halina madhara. Kwa karanga ni jambo jingine. Karanga zilizomenywa zapaswa kuwa na unyevu wa kiasi cha asilimia 7 ili zihifadhike salama. Zikikaa katika hewa inayozidi asilimia 80 ya unyevu, katika joto la sentigredi 25 hadi 35, huwa zimepewa mazingira yanayopendwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Kuvu huyu hutoa sumu ambayo wataalamu wa Tanzania wameipa jina la sumukuvu.

Sumu hiyo ilianza kufahamika mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoingia kuvu. Baadaye ilithibitika kwamba husababisha saratani ya ini kwa binadamu. Nchini Tanzania, mwaka 2016, watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Haina rangi wala harufu ya kumwonya mlaji, na mapishi ya kawaida hayaiondoi. Karanga chache zilizoota kuvu chini ya bakuli zuri la kitenge si jambo la kupangusa na kuendelea kula.

Kwa hiyo kanuni ni hii: bakuli la nguo ni chombo cha kuandalia karanga, si cha kuzihifadhia. Karanga za kuliwa siku hiyo zaweza kuwekwa humo. Za akiba zikaushwe barabara, na dalili moja ya ukavu ni kwamba karanga yenye ganda ikitikiswa, punje husikika ikicheza ndani. Kisha ziwekwe katika chombo kikavu chenye mfuniko usiopitisha hewa. Mfuniko huo hauwezi kuokoa karanga zilizofungwa zikiwa na unyevu. Huufungia unyevu ndani, na hali huwa mbaya zaidi.

Mbegu za mboga zafuata kanuni hiyo hiyo. Wataalamu wa mbegu hukadiria kwamba kila asilimia moja ya unyevu inayopunguzwa katika mbegu huongeza maisha yake kiasi cha maradufu. Mbegu za bamia zilizotajwa mwanzoni, zikikaa msimu mzima wa mvua katika bakuli la nguo, huenda zisiote zinapohitajiwa. Chupa kavu yenye kizibo ndiyo mahali pake.

Yanayofaa na yasiyofaa

Kutokana na maelezo haya, vitu vinavyofaa kwa bakuli la nguo ni vile visivyodhuriwa na unyevu, au vile vinavyohitaji hewa. Vifungo, nyuzi, funguo, vitana na shanga ni vya kundi la kwanza. Vitunguu na vitunguu saumu ni vya kundi la pili: hivi huoza upesi vikifungiwa, na kitambaa kinachopitisha hewa huvisaidia, mradi visilundikwe.

Visivyofaa ni sindano na pini zisizo na kikopo chake, kwa kuwa chuma hushika kutu haraka katika hewa yenye chumvi ya bahari, na kwa kuwa mkono wa mtoto hupenda kupekua. Dawa pia zisiwekwe humo. Dawa huhitaji mahali pakavu, pa juu, pasipofikiwa na watoto, ilhali bakuli la nguo halifikii sharti hata moja kati ya hayo. Hali kadhalika bakuli lenyewe lisiwekwe karibu na koroboi au jiko, kwani pamba huwaka na poliesta huyeyuka ikigandia ngozi.

Utunzaji wake ni rahisi. Kabla ya kushona, kitambaa cha pamba kifuliwe na kukaushwa, ili kunywea kwake kuishe mapema na umbo lisiharibike baadaye. Baada ya hapo bakuli lifuliwe kila linapochafuka, likaushwe juani likiwa limefudikizwa juu ya chombo cha ukubwa wake, na katika msimu wa mvua litolewe nje kila siku ya jua. Likionyesha madoa meusi ya kuvu, lichemshwe kwa maji na sabuni. Na doa likirudi, liachwe kwa vifungo.

Bakuli la nguo halitachukua nafasi ya ndoo yenye mfuniko, wala ya kikapu cha ukili. Lina kazi yake ndogo, nalo huifanya kwa mabaki ambayo yangetupwa, kwa zana ambazo tayari zimo mitaani, na kwa maarifa ambayo wasukaji wa ukili na washonaji wa kofia waliyajua kabla hayajaandikwa vitabuni. Mama anayelishona akiwa anajua kwa nini ukuta unainuka, kwa nini tabaka zimedariziwa, na kwa nini karanga za akiba hazimo, atakuwa ametengeneza chombo kizuri na salama.